Breki za Nyuma na Pazia la Zaina

Mkinikuta asubuhi nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki mbele ya nyumba, msidhani napumzika. Nimechoka tu, na kuchoka si kupumzika. Mgongo unaanza kuuma kabla sijafumbua macho, magoti yanaamka baada yangu, na mikono hii, ambayo zamani ilijua ukubwa wa funguo za kazi kwa kuzigusa tu, siku hizi hata kikombe cha chai inakishika kwa kubahatisha. Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kulala chini ya magari ya watu maisha yangu yote hapa Kasongo. Lakini mnakuja, vijana, mnakaa, mnanionyesha simu zenu, nami sina nguvu ya kuwafukuza.

Juzi mmoja wenu alinionyesha video ya mzungu anayebadilisha breki za nyuma nyumbani kwake. Nimeitazama yote. Yule bwana ana sakafu ya simenti, ana taa, ana gari ambalo halijawahi kuonja tope. Anafungua bulo, zile nati za gurudumu, kwa vidole huku anatabasamu! Mimi bulo za nyuma za gari lililotoka Kabambare nimezifungua kwa bomba refu la chuma, kwa uzito wa mwili mzima, na kwa maneno ambayo baadaye ilibidi niyaombee toba. Video haikudanganya. Ila kuna jambo haikulionyesha, na jambo hilo ndilo linaloua watu kwenye miteremko yetu.

Basi kaeni niwaeleze kazi ya mwisho niliyoifanya. Sikuifanya gereji. Niliifanya hapo uani, mnapopaona, kwenye gari la mwanangu Amisi.

Gari lile Amisi alilinunua likiwa limeshateseka njia ya Salamabila, likibeba wafanyabiashara na mifuko yao. Etriye zake za nyuma zilikuwa zimekwisha. Etriye, kwa wale wasioijua, ni lile koleo la chuma linaloikumbatia diski ya gurudumu. Unakanyaga pedali, mafuta yanasukuma pistoni iliyo ndani yake, pistoni inasukuma plaketi, yaani pedi za breki, plaketi zinabana diski, gari linasimama. Hakuna uchawi hapo. Kwetu za nyuma hufa mapema kwa sababu gurudumu la mbele linarusha tope lote huko. Halafu aliyekuwa na gari kabla ya Amisi alikuwa amepaka mawese kwenye vile vijiti ambavyo etriye inatelezea. Mawese! Niliposhusha gurudumu mara ya kwanza nilisikia harufu nikauliza kama kuna mtu anakaanga mikate. Mafuta ya kula yakipata moto wa breki yanageuka kuwa gundi. Etriye ya kulia ilikuwa imeshika diski haitaki kuachia, na ya kushoto ilikuwa haishiki kabisa.

Etriye nyingine tulikuwa nazo. Zilikuja kutoka Kalemie kwa pikipiki, zimefichwa ndani ya gunia la ndagala ili zisiumie njiani, na chumba changu kilinuka samaki kwa muda mrefu, maana zilikuwa chini ya kitanda changu zikinisubiri. Kila Amisi aliponiuliza nilimwambia kesho. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na sababu nyingine ambayo nitawaeleza.

Kisha habari ikaja kutoka Lusangi. Mama Faida, mama wa mkamwana wangu Zaina, mke wa Amisi, alikuwa amevimba miguu na pumzi zinamkatika akilala. Muuguzi wa kule alisema aletwe Kasongo hospitali upesi. Kwa pikipiki haiwezekani, mtu asiyeweza kukaa utamfunga vipi kwenye pikipiki na barabara ile? Lilitakiwa gari, godoro nyuma, na mwendo wa taratibu. Gari lililokuwepo ni hilo la Amisi.

Zaina aliposikia hakulia. Aliingia ndani akaanza kukunja godoro.

Amisi akanijia na wazo ambalo nyote mnalijua.

"Baba, tuzibe tu mupira ya nyuma. Batu yote banafanya vile. Breki ya mbele itatosha."

"Itatosha kufika wapi?"

"Mpaka Lusangi, na kurudi."

"Na ule mutelemuko wa kwenye daraja ya miti?"

Mnajua nasema nini. Wazo hilo tunaliita kuua breki: unakunja bomba la nyuma, unalipiga nyundo mafuta yasipite, unaendelea na safari. Nimeona magari mengi yakitembea hivyo, na mengine nimekwenda kuyavuta mtoni. Mteremko ukiwa na utelezi, ya mbele ikishika peke yake, pua ya gari inazama, na nyuma inataka kupita mbele. Halafu ndani kuna mgonjwa amelala. Nilimwambia Amisi akatafute mafuta ya gari kwa wale wauza chupa barabarani, na amlete muuguzi wa kuandamana naye. Mimi nitabadilisha etriye. Nilisimama, magoti yakalia, nikaenda kuvuta gunia chini ya kitanda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana sehemu hii mikono yenu itaihitaji. Weka gari mahali tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, si kwa tofali la udongo. Legeza breki ya mkono. Legeza bulo za gurudumu gari likiwa bado chini, ndipo upandishe gari kwa kriki, ile jeki. Na kriki usiiamini. Weka gogo la mti mgumu chini ya gari, kisha lile gurudumu ulilotoa ulisukumie chini pia, ili gari likianguka lianguke juu ya gurudumu, lisianguke juu ya baba wa watu. Hilo alinifundisha fundi Kalonda, Mubangubangu wa Kabambare, mtu mfupi mwenye kifua kipana aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa akiwa chini ya gari. Mimi Mwislamu wa mjini nimezijua nyimbo zile zote kwa ajili yake. Akiacha kuimba, ujue kuna bulo imekatika.

Kalonda ndiye aliyenionyesha zile rondela za shaba, zile pete mbili ndogo zinazobana mpira wa mafuta kwenye etriye. Kwa haki zinatakiwa mpya. Mpya zitatoka wapi? Kalonda alizitia kwenye makaa mpaka ziwe nyekundu, akazitumbukiza majini, chwaa, shaba inalainika tena na inaziba vizuri. Nimefanya hivyo siku ile kwenye jiko la Zaina, kando ya sufuria ya mboga ya sombe. Pia alinikataza kuiacha etriye ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Na unapofunga nyingine, hakikisha kile kiskrubu kidogo cha kutolea hewa, tunachokiita purje, kinaangalia juu. Kikiangalia chini umefunga ya kulia kushoto, na hewa itakaa juu ikikucheka mpaka mwaka mwingine.

Nikafunga ya kulia. Nikapumzika nimeegemea gurudumu. Nikafunga ya kushoto. Jasho liliingia machoni, mgongo ukakataa kunyooka, nikakaa chini. Kazi ambayo zamani ningeifanya huku napiga soga ilinichukua sehemu kubwa ya mchana.

Ikabaki kutoa hewa. Na hilo ndilo nililokuwa nakwepa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye pedali, mwingine yuko chini na funguo. Huyo wa pedali ndiye video haikumwonyesha. Wa chini anasema pompa, wa juu anapompa. Anasema shikilia, wa juu anashikilia pedali chini. Wa chini anafungua purje, mafuta na hewa vinatoka kwa mpira mwembamba, ule wa serumu, dripu ya hospitali, unafaa sana, vinaingia kwenye chupa. Anafunga purje, ndipo anasema achilia. Wa juu akiinua mguu kabla hujafunga, hewa inarudi. Kalonda alikuwa ananiambia: "Weye kule chini uko kipofu. Macho yako ni ule mutu wa pedali. Kama anakuogopa, umekufa."

Nyumbani kwangu macho hayo yalikuwa mke wangu, Mama Amisi, Mungu amrehemu. Alikuwa anakaa kwenye usukani utadhani gari ni la baba yake. Nikisema, "Imekuwa ngumu?" anajibu mpaka majirani wasikie: "Bado! Nimesema bado! Unasikia na masikio ya nani?" Tumegombana kwenye pedali kuliko tulivyogombana kwenye mambo ya ndoa. Hakuna gari lililotoka uani hapa na breki laini akiwa hai. Tangu tumzike sikuwahi kutoa hewa kwenye breki nyumbani. Ndiyo maana etriye zilinuka samaki chini ya kitanda. Sikutaka kulala chini ya gari na kusikia kimya huko juu.

Amisi alikuwa hajarudi. Majirani wote walikuwa mashambani. Nikamwita Zaina.

Zaina ni binti mwenye adabu. Toka ameolewa kwetu hajanikazia macho, hajapita mbele yangu bila kuinama, na hajawahi kuniambia hapana. Ukimuuliza kama amekula atasema ndiyo, baba, na sufuria iko tupu. Watu wananisifia, wanasema umepata mkamwana. Na kweli nimempata. Lakini pedali haitaki mkamwana.

Alikuja amejifunga vitenge viwili. Kupanda kwenye kiti cha dereva na kutanua magoti mbele ya baba mkwe, haiwezekani. Akakaa upande, ukingoni mwa kiti, mlango wazi, mguu mmoja nje na mmoja ukitafuta pedali kwa ncha ya vidole. Mimi nilikuwa tayari nimelala chini nyuma ya gurudumu. Sikuona.

"Pompa, mama."

"Ndiyo, baba."

"Shikilia. Umeshikilia?"

"Ndiyo, baba."

Nafungua, yanatoka matone na mapovu. Nafunga. "Achilia. Pompa tena. Iko inakuwa nguvu?"

"Ndiyo, baba."

Sauti ndogo, ya mtu anayesema chakula kiko tayari. Tukaenda hivyo upande wa kulia, tukaenda upande wa kushoto. Mapovu yakapungua. Nikajivuta mpaka mbele, nikaingiza mkono, nikaikandamiza pedali kwa kiganja. Ngumu. Nikashukuru Mungu, nikarudisha magurudumu. Amisi akafika na mafuta na muuguzi, godoro likaingia nyuma, thermosi ya uji ikaingia, Zaina akaingia na mfuko wake. Mama yake alikuwa anamsubiri Lusangi. Jua lilikuwa bado juu, wangeweza kuvuka daraja kabla ya giza. Amisi akawasha gari.

Zaina akateremka.

Alisimama pale kando ya mlango, macho chini, mikono imeshika ncha ya kitenge. Mume wake akamwita. Hakujibu. Akanitazama mimi. Usoni moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hapana, baba."

"Hapana nini?"

"Breki. Ya kwanza inaenda mpaka chini. Unapompa, unapompa, ndiyo inapanda. Ukiiacha kidogo, inaenda tena chini. Uliikamata nikiwa nimetoka kupompa sasa hivi." Machozi yakamtoka. "Niliogopa kukuambia. Tena nilitaka tuende. Mama yangu..."

Amisi akazima gari. Tukasubiri muda wa kutosha, mambo yale ya kupompa yasahaulike ndani ya mabomba. Kisha akakanyaga mara moja. Pedali ikazama mpaka sakafuni bila hata kulalamika.

Wanangu! Fikirieni: mteremko, tope, Amisi anaona daraja, anakanyaga mara moja, hakuna kitu. Nani ana nafasi ya kupompa pale? Na huyu binti, ambaye kila saa iliyopita ilikuwa pumzi ya mama yake inayopungua, ndiye aliyesimamisha safari. Sisi wanaume wawili tulikuwa tumeridhika.

Amisi akataka kukanyaga yeye. Nikakataa. Nilimwambia huyu anaujua mguu wake ulipokosea, na pedali ameshaisikia, wewe utaanza kujifunza. Nikamuuliza Zaina alikaa vipi. Akanionyesha, ncha ya vidole, ukingo wa kiti. Nusu ya pedali tu alikuwa anaifikia. Mikanyago mifupi namna ile haitoi hewa, inaitikisa tu.

Nikaingia ndani nikatoa kitenge kikubwa cha marehemu mke wangu, kile cha maua ya njano alichokivaa sikukuu. Nikakitundika kwenye mlango wa gari, juu nikakibana kwa dirisha, chini nikakizuia kwa jiwe. Pazia, kama la mlango wa nyumba. Nikamwambia: "Mama, nyuma ya hii pazia hakuna baba mukwe. Kaa sawasawa. Tupa ile muguu mpaka chini. Na ukiona ninasema ujinga, uniambie."

Akaingia. Nikasikia kiti kikisogezwa mbele, nikasikia viatu vikitupwa. Nikalala chini tena. Mgongo ulinitukana.

"Pompa!"

"Ninapompa!"

Sauti ilikuwa nyingine kabisa. Muuguzi aligeuka kutazama nani anapiga kelele.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia! Fungua!"

Nikafungua. Hewa ikatoka kwa kishindo, mapovu yakajaa chupa.

"Imefika chini! Funga! Baba, funga, muguu yangu inachoka!"

"Nimefunga. Iko nguvu?"

"Hapana! Bado!"

Nililala pale chini, uso umejaa vumbi, nikacheka, na machozi yakatoka pia, siwafichi. Nani alikuwa anapiga kelele kule juu? Amisi alikuwa anaongeza mafuta ya breki kwenye kikopo juu ya injini ili kisikauke, na mimi nafungua, nafunga, na Zaina ananikaripia. Alisema bado mpaka mafuta yakatoka safi kama maji ya kisima. Kisha akaiacha pedali itulie, kama alivyokuwa amejifunza mwenyewe. Akakanyaga mara moja.

"Sasa ndiyo," akasema. "Sasa iko nguvu ya kweli."

Lakini jua lilikuwa limeshazama. Walilala nyumbani na kuondoka alfajiri, na usiku ule Zaina hakugusa chakula. Safari hii nilipomuuliza kama amekula alisema hapana, baba.

Walirudi siku hiyo hiyo, jua likielekea magharibi. Mama Faida alikuwa nyuma kwenye godoro, ameinuliwa kwa mito, muuguzi kando yake. Walikwenda moja kwa moja hospitali. Amisi alikuja kwangu baadaye, tope mpaka kifuani. Aliniambia kwamba walipoteremka kwenye daraja, gogo moja la katikati lilikuwa halipo, limechukuliwa na maji au na watu, sijui. Aliliona pengo akiwa karibu.

"Ulikanyaga mara ngapi?" nikamuuliza.

"Moja, baba."

Akakaa chini kando ya kiti changu. Walikuwa wametafuta gogo jingine, wakalitandika, wakavuka.

Mama Faida sasa yuko hapa ndani. Miguu imepungua, analala ameinuka kidogo, na uji anaudai mwenyewe. Pazia la njano Zaina alilifua akalitundika kwenye mlango wa nyumba, na sikumwuliza kwa nini.

Wiki iliyopita dereva mmoja alikuja na gari lake, breki za nyuma zimeshika. Akasimama hapo barabarani akaita: "Mzee! Mzee iko?" Nyinyi mnanijua. Nilikuwa nimeshaweka mikono kwenye magoti kuinuka, mdomo uko tayari kusema nakuja, jinsi ulivyosema maisha yote hata pale mwili ulipokataa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ile ya kwenye pedali.

"Hapana! Baba hatoki leo. Apeleke kwa vijana."

Dereva akanitazama. Mimi nikatazama pazia. Zaina akatoa kichwa, hakuinama, hakutazama chini.

"Baba, kaa."

Nikakaa. Madereva kama huyo waje kwenu. Purje iangalie juu, na mtu wa pedali asiwe anawaogopa. Mimi siku ile nilipumzika.